Meno Mawili ya Chini

Kulikuwa bado giza Zipora aliposikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa polepole, kwa mkono wa mtu asiyetaka kuamsha nyumba. Kiberiti kikakwaruza mara moja, kikakwaruza tena, kikashika. Akajua ni Priska, mke wa mwanawe, anamchemshia maji ya chumvi ya kusukutua. Wiki ya saba hiyo. Hakuna aliyemwagiza Priska afanye hivyo, wala Priska mwenyewe hakuwahi kulitaja. Kila alfajiri maji yalimfikia mlangoni kwenye kikombe cha bati kilichofunikwa kisahani, yakiwa vuguvugu kiasi cha kuvumilika na kinywa kinachouma.

Zipora alikaa kitandani, akapitisha ulimi kwenye meno yake manne ya mbele ya chini, mawili kushoto kwa pengo na mawili kulia. Yote manne yalicheza. Saa nne asubuhi ile yalikuwa yang'olewe.

Hasira ilikuwa imeamka kabla yake. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mjane, mkulima wa kijiji cha Gulwe, mtu aliyesifiwa kanisani kwa uvumilivu. Siku hizi sifa hizo zilimchosha, kwa sababu aliona watu wanazitumia kumpangia mambo. Mvumilivu hataulizwa. Mvumilivu atapelekwa tu.

Fizi zilikuwa zimeanza kumsumbua mwaka uliopita. Akipiga mswaki, damu. Akitafuna karanga, damu. Baadaye fizi zikavimba, zikawa na harufu aliyoiona aibu hata mbele ya mbuzi wake, na meno yakaanza kuyumba kama vigingi vilivyopigwa kwenye mchanga. Mwanawe Gideoni alipopata habari alikuja mwenyewe kumchukua, akampeleka Dodoma nyumbani kwake Makole, akampa chumba chenye dirisha la kioo. Hilo Zipora hakulisahau, hata siku ile aliyokuwa na hasira kuliko zote.

Gideoni alikuwa amefanya kazi ya ukarani kwenye shirika la umma mpaka shirika lilipouzwa na nusu ya watu wakapunguzwa. Hakukaa kulia. Alichukua kiinua mgongo chake akafungua duka la simu za mkononi karibu na soko, wakati ule simu zilipoanza kufika mpaka kwa wauza nyanya. Tangu hapo alipenda kila kitu kipya, kila kitu cha mtu binafsi, kila kitu chenye mlango wa kioo. Mama yake alipotaja hospitali ya serikali, alicheka.

"Kule utakaa kwenye benchi mpaka uote mizizi, mama. Siku hizi kuna kliniki. Unaingia, unapokelewa, unatibiwa."

Kliniki yenyewe ilikuwa ghorofani, barabara kuu, na ilikuwa na bango kubwa lenye picha ya mwanamke anayecheka: TIBA YA FIZI KWA LEZA. BILA KUKWANGUA, BILA DAMU, BILA MAUMIVU. Daktari alikuwa kijana aliyetoka Dar es Salaam, jina lake Abeli, safi, mwenye sauti ya upole. Siku ya kwanza Gideoni na daktari walizungumza Kiingereza kwa muda mrefu. Zipora alikuwa amekaa katikati yao, mkoba mapajani, akigeuza shingo kwa huyu na kwa yule kama mtu anayetazama watu wakitwanga kinu kimoja. Daktari alitikisa kichwa kwa masikitiko, akaandika kwenye kadi. Kisha akamvalisha Zipora miwani myeusi, akampitishia kwenye fizi kijiti chembamba chenye mwanga mwekundu nchani. Haikuuma. Ilikuwa na joto kidogo, basi.

Mara sita alikwenda, mara moja kila wiki. Baada ya mara ya pili uvimbe ulipungua kidogo na Gideoni akawasimulia wateja wake dukani. Baada ya mara ya nne uvimbe ulirudi. Baada ya mara ya sita, daktari alizungumza tena Kiingereza, na Gideoni akamtafsiria mama yake wakiwa kwenye ngazi: manne ya chini hayaponi, yatolewe kabla hayajaambukiza mengine.

"Halafu?" Zipora aliuliza.

"Halafu tutakuwekea ya bandia, mama. Mazuri kuliko haya."

Usiku ule Zipora hakula.

Sasa Priska aliingia na kikombe, akapiga goti kidogo, akamwamkia. Zipora alisukutua, akatema kwenye beseni, maji yakatoka na rangi.

"Mama Lulu," alisema, "leo kabla ya kwenda kule nataka mtu mwingine anitazame."

Priska aliangalia mlangoni. Gideoni alikuwa anaoga. "Baba Lulu atasema nini?"

"Atasema. Ana mdomo. Lakini mwenye meno ni mimi."

Priska akashusha sauti. "Kuna mama mmoja hospitali ya serikali, anaitwa Mwamvua. Ni tabibu wa meno. Alining'oa jino nikiwa na mimba ya Lulu. Mkono wake mwepesi. Anaanza kazi saa moja na nusu."

"Basi saa moja na nusu tutakuwa hapo."

Gideoni aliondoka mapema kufungua duka, akaahidi kuwakuta kliniki saa nne. Wanawake wawili wakatoka kwa miguu, kadi ya kliniki ikiwa kwenye mkoba wa Zipora, imefungwa ndani ya kanga. Hospitali ilikuwa na watu, na benchi lilikuwepo kama Gideoni alivyosema, lakini mzee mmoja mwenye shavu lililovimba kama chungu aliwaona wakisimama, akasogea, akawasogeza na wenzake wanne, nafasi ikapatikana.

Mwamvua alikuwa mwenyeji wa Kondoa, mwanamke wa makamo, kichwa kimefungwa mtandio mweupe. Chumba chake kilikuwa na kiti kimoja cha zamani ambacho hakikuinuka tena, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiinama.

"Mbukwa, mama," alimsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, mwanangu," Zipora akaitika, na shingo yake iliyokuwa ngumu tangu alfajiri ikalegea kidogo.

Mwamvua alikiweka kioo cha chuma kwenye kiganja chake kwanza, akakifumba, kipate joto. Ndipo akakiingiza. Alitazama kimya, akagusa jino moja moja, akauliza kama panauma kabla ya kugusa, siyo baada. Kisha akapitisha kidole kwenye pengo la katikati.

"Haya mawili ulitolewa ukiwa na miaka mingapi, mama?"

"Kumi. Au kumi na moja. Wenzangu wote tulitolewa mwaka ule."

"Nilijua. Fizi imekomaa hapa kama kisigino. Huku pembeni sasa," alisema, akabadilisha sauti, "huku kuna ugaga wa miaka. Umeganda mpaka chini ya fizi. Ulitibiwa wapi?"

Priska akamwambia: kliniki ya ghorofani, leza, mara sita.

"Walikwangua kwanza?"

"Hawakukwangua kitu," Zipora alisema. "Ndiyo sifa yao. Wameiandika kwenye bango."

Mwamvua alivua glavu taratibu, akakaa kwenye kiti kidogo, macho yakawa sawa na ya mgonjwa wake. "Mama, wewe unapika ugali. Sufuria ikiwa na ukoko, ukaiwashia tochi, ukoko unatoka?"

"Hautoki."

"Basi ugonjwa wa fizi chanzo chake ni huo ukoko. Unakwanguliwa kwa chuma na kwa mkono. Leza si uongo, nimesoma habari zake, inaweza kusaidia baada ya kukwangua. Ni nyongeza. Peke yake juu ya ugaga, ni tochi." Alinyoosha mkono. "Hebu kadi."

Aliisoma kwa Kiingereza kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akasita. Akarudi nyuma kwenye mistari ya juu.

"Mama, hapa wameandika vingine."

"Nisomee."

"Wameandika: mgonjwa amepoteza meno mawili ya kati ya chini, yalianguka yenyewe mwaka uliopita. Ugonjwa unakwenda kasi. Kukwangua ni hatari, meno yanaweza kuanguka kitini."

Nje mtoto alikuwa analia, akanyamazishwa.

"Soma tena," Zipora alisema.

Mwamvua akasoma tena.

"Nani kawaambia yalianguka?"

Mwamvua aliitazama kadi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Wameandika, maelezo yametolewa na mtoto wa kiume."

Priska aliinamisha kichwa. Zipora aliona kwamba Priska hakushangaa, ila aliona haya tu, na akaelewa kwamba binti huyu alijua siku nyingi mumewe anaonea haya nini.

Ile hasira iliyokuwa ikitafuta mtu wa kumwendea ikapata njia. Zipora alikumbuka asubuhi ile ya utotoni, wasichana saba wamekaa chini, fundi na kichuma chake, mama yake mzazi amemshika kichwa kutoka nyuma. Hakulia. Mama yake alitembea wiki nzima akiwaambia watu hakulia. Miaka hamsini na zaidi lile pengo lilikuwa alama yake, lilimtambulisha popote kwamba ni binti wa watu gani. Na mwanawe amelitupa kwenye karatasi kama jino bovu.

"Haya manne," aliuliza, "ni lazima yatoke?"

"Ungekuwa mama yangu, nisingeyagusa leo na koleo. Ningekwangua, nikangoja. Matatu nina matumaini nayo. Hili moja la kulia sitakudanganya, limelegea mno. Lakini tujaribu."

"Tujaribu lini?"

"Kesho asubuhi. Uje umekula, kwa sababu nitakuchoma ganzi."

Walifika kliniki saa nne na robo. Gideoni alikuwa amesimama mapokezi, simu sikioni. Akaishusha.

"Mama, mmechelewa. Daktari anatusubiri."

"Angoje. Na wewe uje ndani, ukae."

Daktari Abeli alikuwa ameshapanga vyombo vyake kwenye sinia, koleo juu ya kitambaa cha kijani. Alimkaribisha Zipora kitini. Zipora akavuta kiti cha wageni, akakalia hicho.

"Shikamoo mama," daktari alisema.

"Marahaba. Daktari, unalijua jina langu?"

Kijana alitupa jicho kwenye faili. "Zipora."

"Sikukwambia usome." Alifungua mkoba, akatoa kadi, akaiweka mezani. "Siku ya kwanza ulimuuliza huyu habari za meno yangu. Mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa. Ulidhani sina ulimi?"

"Hapana, mama. Ni kwamba mtoto wako alikuwa ananieleza..."

"Au ulidhani meno ni ya kwake?"

"Mama," Gideoni alisema kwa sauti ya chini, akatazama mlango, "tuzungumze nyumbani."

"Uliyaangusha hapa. Tutayaokota hapa."

Gideoni akaufunga mlango.

Zipora aligeukia daktari, akafungua kinywa. "Weka kidole. Hapo kwenye pengo."

Abeli alivaa glavu, akaweka kidole. Akakipeleka kushoto, akakirudisha kulia. Uso wake ukabadilika kidogo kidogo, kama mtu anayehesabu na hesabu inakataa.

"Hili ni pengo la zamani," alisema.

"La zamani kiasi gani?"

"Miaka mingi sana."

"Wakati huo baba yako hajazaliwa, pengine. Nilitolewa nikiwa msichana. Sisi Wagogo tulikuwa tunatolewa. Kila mzee utakayemkuta kule kwetu analo. Wewe umesomea vinywa miaka mingapi?"

"Mitano."

"Na kidole hukukiweka."

Kijana alikaa. Hakujitetea mara moja, na Zipora, ingawa hakutaka, aliliona hilo. "Niliamini maelezo," alisema. "Nikaona kama meno mawili yameanguka ndani ya mwaka mmoja, nikikwangua mengine yataanguka mkononi mwangu, na familia itanilaumu. Nikatumia leza peke yake. Haitakiwi hivyo. Leza inafuata kukwangua, haichukui nafasi yake. Najua. Tulifundishwa."

"Ulijua."

"Nilijua, mama."

"Na bango je?"

"Bango ni la mwenye kliniki."

"Kwa hiyo wewe uliogopa lawama, mwenye kliniki anataka wateja, na mimi wiki saba natema damu." Alisema bila kupandisha sauti, na ndiyo maana hakuna aliyethubutu kumkatiza. Kisha akageuza kiti chote mpaka akamkabili mwanawe. "Sasa wewe."

Gideoni alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minane, mwenye tumbo lililoanza kuonekana na funguo nyingi kiunoni. Alionekana mdogo.

"Nisamehe, mama."

"Sijafika huko. Nataka kujua kwa nini."

"Daktari aliuliza, haya mawili yako wapi. Nikaona nikisema yalitolewa na fundi na kichuma, kijijini..." Alitafuta maneno. "Watu wa mjini wanatuona washamba, mama. Wanatucheka. Wateja wangu wanawacheka ombaomba kwamba ni Wagogo. Nilitaka wakuhudumie vizuri. Kama mama wa mtu."

"Mimi si mama wa mtu?"

Gideoni alizishika funguo zake kiunoni.

"Ulipokuwa na miezi mitatu nilishikwa na homa," Zipora alisema. "Taya likajifunga, meno yakaumana, hata kijiko hakipiti. Bibi yako alininywesha uji na maziwa kupitia hilo pengo, kwa bua la uwele, siku tisa. Siku zote hizo ulikuwa unanyonya. Hicho ulichokula kilipita pale unapopaonea haya." Akasimama. "Daktari, vyombo vyako virudishe kabatini. Leo hung'oi mtu."

Alishuka ngazi peke yake, ameshika ukuta. Priska akamkimbilia nyuma akamshika kiwiko.

Kesho yake Mwamvua alikwangua upande wa kushoto, na baada ya siku nne upande wa kulia. Haikuwa bila damu wala bila maumivu. Ganzi ilipoisha kichwa chote kilidunda kama ngoma. Vipande vya ugaga vilidondoka kwenye kibakuli, vyeusi, vigumu kama kokoto, na kila kipande kilichodondoka Zipora alikasirika upya: hiki kilikuwepo, kiliangaziwa mwanga mwekundu mara sita, kikachekelea.

Siku ile ya pili Mwamvua alisimamisha kazi. "Mama, hili la kulia nililokwambia. Mzizi umebaki hewani. Naomba ruhusa yako nilitoe."

"Miezi miwili iliyopita lingebaki?"

Mwamvua angeweza kusema hajui. "Labda," alisema. "Nadhani lingebaki."

"Litoe."

Gideoni alikuwa nje. Alikuwa amefunga duka, akakaa kwenye lile benchi tangu saa moja, kati ya mwanamke mwenye mtoto na mzee aliyelala akimwegemea. Mama yake alipotoka na pamba mdomoni alisimama, akataka kumshika mkono. Zipora alimpa mkoba aushike. Mkono hakumpa.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa ya bati, Zipora alikaa uani kwenye mkeka na Lulu, mjukuu wake wa miaka saba. Mtoto aliinama, akachungulia kinywani.

"Bibi, hili nalo limeanguka kwenye mkokoteni?"

"Mkokoteni gani?"

"Ule uliokuangusha ukiwa mdogo. Baba alisema ulianguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, ndiyo meno yako yakatoka."

Zipora aliwaangalia kuku. Kwa hiyo uongo haukuanzia kliniki. Ulikuwa umeishi humu ndani miaka, umekaa mezani na watoto, umekula nao. Alitaka kumwita Gideoni kwa sauti ambayo majirani wangeisikia. Badala yake alimkalisha Lulu mapajani, akamweleza, moja baada ya jingine, fundi na kichuma na wasichana saba, na uji wa bua la uwele. Lulu alisikiliza mpaka mwisho.

"Uliumia?"

"Niliumia."

"Ukalia?"

"Sikulia."

"Mimi ningelia," Lulu alisema.

"Wewe hutatolewa. Hayo yameisha. Lakini usiseme mkokoteni tena."

Kwa siku nane Zipora na mwanawe walisemezana shikamoo na marahaba tu.

Siku ya tisa, Jumamosi, Daktari Abeli alikuja Makole kwa miguu, shati limeloa mgongoni. Hakukaa mpaka alipoambiwa akae. Alisema amezungumza na Mama Mwamvua hospitalini, wakakubaliana. Sasa ugaga umetoka, fizi ziko wazi, leza inaweza kufanya kazi yake: kuua vijidudu vilivyobaki kwenye mifuko ya fizi, kutuliza uvimbe. Alitaka kumfanyia, bila malipo.

"Itaniponya?" Zipora aliuliza.

"Kilichokuponya ni mkono wa Mama Mwamvua na mswaki wako. Hii inaongezea. Kwa wengine inaongeza vizuri, kwa wengine kidogo tu, huwezi hata kuona. Siwezi kukuahidi."

Lilikuwa jibu la kwanza la kweli kutoka kwake, na Zipora alilipokea hivyo. "Bango mmelitoa?"

"Halijatoka, mama. Nimesema, mwenye kliniki amekataa. Lakini mimi kila anayekuja namkwangua kwanza, au nampeleka kwa Mama Mwamvua."

"Nitakuja. Kwa sharti. Utaniuliza mimi, kwa Kiswahili. Huyu," akamwonyesha Gideoni aliyesimama mlangoni, "akija atakaa nje."

"Sawa, mama."

Alikwenda mara tatu. Daktari aliuliza kila kitu: anasikia nini, anatafuna upande gani, damu ilitoka lini mara ya mwisho. Ile kadi ya zamani alikuwa ameikata mistari ile kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake kwa Kiswahili: yalitolewa utotoni, desturi. Akamwonyesha aisome mwenyewe. Zipora aliisoma kwa kidole, neno kwa neno.

Mwezi wa sita ulipoingia, maji ya kusukutua yalitoka meupe. Meno matatu yalikuwa yamekaza. Mwamvua aliyasukuma kwa ncha ya kioo, akatabasamu, akasema anataka kuyaona tena baada ya miezi mitatu, maana ugonjwa huu hulala, haufi. Uwele ulikuwa umekomaa Gulwe, na ndege hawangojei mtu. Zipora akafunga mzigo.

Gideoni alimsindikiza stendi ya mabasi asubuhi, akampatia kiti cha dirishani, akaweka mfuko wa sukari na mafuta ya taa chini ya miguu yake, akahakikisha kizibo kimekaza. Kisha akashuka, akasimama nje ya dirisha, funguo zikimlia kiunoni.

"Bado una hasira, mama."

"Bado."

"Itaisha lini?"

"Sijaipangia tarehe." Alipitisha ulimi kwenye pengo, ambalo sasa lilikuwa kubwa zaidi kwa jino moja, na hilo moja hakuna maneno yaliyoweza kulirudisha. "Lulu nimeshamwambia ukweli. Umejua?"

"Nimejua. Aliniambia mbele ya wageni." Gideoni alitazama chini. "Mgeni mmoja akauliza ni kweli. Nikasema ni kweli. Nikasema hata bibi yangu alikuwa na pengo hilo."

"Wakacheka?"

"Mmoja alicheka."

"Ukafanyaje?"

"Nilimwacha acheke. Sikucheka naye."

Kondakta aligonga ubavu wa basi, injini ikanguruma, watu wakaanza kuagana madirishani.

"Ukirudi kwa Mama Mwamvua," Gideoni alisema haraka, "utafikia kwangu?"

Zipora alimtazama mwanawe, kipara kinachoanza, jasho juu ya mdomo. Alikuwa na hasira naye, na alijua atakuwa nayo hata wakati wa kuvuna.

"Una mwaka wa nne hujalala Gulwe," alisema. "Unatuma mizigo kwa basi. Kabla sijarudi kwako, wewe njoo kwangu. Mlete Lulu, mlete na mama yake. Ulale hata siku mbili, ukae na wazee, uwatazame vinywa." Basi likaanza kusogea, naye akashika ukingo wa dirisha. "Njoo unitembelee, Gideoni. Unasikia? Njoo."